Chupa Iliyovaa Soksi ya Mistari

Hotelini, nyuma ya stoo ya vinywaji,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama imekukuta na mikono ya kazi, nawa kwanza, kisha tafuta kiti, maana ni ndefu na haina picha. Mimi huku sijambo kabisa. Mafua yaliyonisumbua yamekwisha, na nayataja mapema kwa sababu nakujua: ukifika katikati utataka kuyasingizia kwa ajili yangu. Usiyasingizie. Pua ilikuwa nzima.

Shemeji hajambo? Goti lake limekubali ngazi au bado anapanda kama mtu anayebeba kabati? Wapwa zangu wasalimie, hasa yule wa mwisho anayedai mimi ni mjomba wa kwenye simu tu. Na Baba je, bado anaamka mapema kwenda kumwamsha jogoo? Sweta uliyonifumia imefika. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, lakini huo mrefu ndio wa kushikia chupa za baridi, kwa hiyo nimewaambia watu ndivyo nilivyoagiza.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Sababu ya kwanza unaijua. Simu ya hapo nyumbani Baba ndiye anayeipokea, anaiweka spika, na kabla hujamaliza salamu jirani wa upande wa pili wa ua ameshatoa maoni. Sababu ya pili nitakueleza nikifika kwenye sehemu yake.

Umeniandikia kwamba Baba ameshazungumza na mwenye trekta. Kile kipande cha juu, cha mawe, chenye Syrah yote, zile zabibu nyeusi za mvinyo, king'olewe baada ya mavuno, ipandwe zabibu za kula, zile kubwa zisizo na kokwa ambazo watu wa soko wanazigombania kreti kwa kreti. Amekuachia mlango mmoja tu: akipatikana mnunuzi wa kuaminika wa kuuchukua mvinyo wa kipande hicho mwaka mzima, mizabibu itabaki ilipo. Na alitamka hivyo mezani, mbele ya shemeji. Dada, wewe ni hatari. Unajua fika kwamba Baba akisema neno mbele ya mkwe wake hawezi kulimeza tena. Nilicheka peke yangu hapa stoo mpaka mwenzangu akauliza kama nimeanza kunywa kazini.

Nami ndiye niliyekudokeza kwamba hoteli inatafuta Syrah moja ya kumimina kwa glasi mwaka mzima. Ulichofanya baada ya hapo nilikipenda. Hukuniomba nikupenyeze. Ulituma chupa zako kwa wakala wa hoteli kama muuzaji mwingine yeyote, ukakaa kimya.

Halafu, chini ya ukurasa wako wa pili, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ukaniuliza katika Syrah zote nilizowahi kuonja ni zipi nazipenda, na zina nini. Ukasema nijibu kama ndugu, nisijibu kama mhudumu anayetaka bakshishi. Nitaanza na hilo. Habari za trekta ziko mbele, na najua jicho lako limeshaanza kuteremka kuzitafuta. Lirudishe. Ukiruka hutaelewa.

Unajua elimu yangu nimeipata wapi. Wengine wamekwenda chuo, mimi nimesomea vitako vya chupa za watu. Wageni wakiinuka mezani, chupa inarudi jikoni na kilichobaki, na kati ya meza na sinki kuna kona moja isiyoonekana na msimamizi. Hiyo kona ndiyo darasa langu.

Syrah ya kwanza kuipenda nilikutana nayo hapo. Ilitoka kwenye meza ya mawakili waliokuwa wanagombana kuhusu kiti cha mwenyekiti, na kwa hasira zao wakasahau kuimaliza. Niliinusa, nikageuka kuangalia nani kamwaga pilipili manga. Hakuna aliyemwaga. Ilikuwa ndani ya glasi. Chini ya pilipili kulikuwa na maua, yale madogo ya urujuani, na chini ya maua kitu kama nyama iliyokaushwa kwa moshi. Nilisimama pale na trei mkononi kama niliyepigwa na umeme. Mpaka siku hiyo nilikuwa nadhani mvinyo mwekundu ni mvinyo mwekundu, tofauti yake ni bei tu. Baadaye nikajua ilitoka kwenye milima ya baridi, na kwamba Syrah ikikua mahali pa baridi ndipo pilipili yake inapotoka wazi. Nikajua pia kwamba wapo watu ambao pua zao haziisikii pilipili hiyo kabisa, hata uwawekee glasi puani. Mpishi Mkuu wetu ni mmoja wao. Mtu anayelipwa kutia pilipili! Nilipomwambia alinifukuza jikoni kwa mwiko.

Ya pili ni ndugu wa hiyo aliyekulia kwenye jua. Zabibu ni ileile, ila huko inaitwa Shiraz, kama mtoto anayeitwa jina lingine kwa upande wa kuumeni. Hii ni nene, nyeusi, ina forosadi zilizoiva mpaka zinapasuka, na chokoleti kwa mbali. Wataalamu wanaidharau. Wanasema inapiga kelele. Mimi nasema inategemea nani kakualika. Ukiwa na nyama ya kuchoma yenye mafuta na watu wanaocheka kwa sauti, usilete ile ya milimani, itanuna. Lete hii. Niliipenda kwa sababu ilikuwa nene bila kuwa mvivu. Ukishaimeza bado kuna uchachu mdogo unaokusafisha ulimi na kukuomba urudie. Nyingi za aina yake hazina hicho, zinalala mdomoni kama mgeni aliyekula akashiba kwenye kochi lako.

Ya tatu ililetwa na daktari wa meno mstaafu aliyeitunza kwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliniambia niifungue kwa adabu. Kizibo kilikatika, nikakitoa vipande vipande huku ananitazama vile alivyokuwa akiwatazama wagonjwa. Ilinuka viatu vilivyonyeshewa. Akakasirika, akasema imekufa, akatoka nje kupiga simu. Mimi sikuimwaga. Aliporudi viatu vilikuwa vimeondoka, mahali pake pana ngozi laini, majani makavu, zeituni, na ile pilipili bado ipo, imezeeka lakini haijasahau jina lake. Yule mzee alikunywa, akaacha kuongea. Akanimiminia nami. Nilikunywa mbele yake nikiwa nimesimama, na msimamizi alipita akajifanya haoni.

Kwa hiyo zina nini? Ukinibana, nitakuambia harufu si kitu kikubwa sana. Harufu ndiyo inayokuita mlangoni. Mimi natafuta mgongo: ule uchachu unaousimamisha mvinyo wima, na ukakasi unaoshika fizi kama chai iliyokolea, halafu unaachia wenyewe bila kusukumwa. Na baada ya kumeza, ibaki habari. Kama umemeza na mara moja unaweza kuendelea na mazungumzo uliyokuwa nayo, hicho ni kinywaji cha kushushia mkate. Na usiinywe ikiwa na joto la jikoni, tafadhali. Watu wameambiwa mvinyo mwekundu haupoozwi, wanaunywa kama supu. Iweke baridi kidogo, uone itakavyonyoosha shingo.

Sasa twende kwenye mambo yako.

Hapa hotelini mvinyo wa mwaka unachaguliwa kwa soksi. Usicheke. Kila mgeni anayeondoka huacha soksi moja chini ya kitanda, sijui ile nyingine anakwenda nayo wapi. Dobi huzifua, na Mama Stoo, yule anayetunza funguo zote, huzihifadhi kwenye boksi. Siku ya kuonja, yeye peke yake anaingia stoo, anazivisha chupa soksi mpaka shingoni, anazileta mezani. Hakuna anayeona lebo. Mwonjaji anaandika tu: soksi nyeusi, soksi ya kijani, soksi yenye bata. Tukimaliza, alama zinajumlishwa, na soksi zinavuliwa mbele ya wote.

Tulikuwa watatu wa kuonja. Mpishi Mkuu, ambaye anaamini kila kitu kinahitaji chumvi. Mhasibu, ambaye nilimwona kama mtu aliyewekwa pale ili kiti kisikae bure; anashika glasi kwa kiganja kizima kama anayetaka kuipasha moto. Na mimi, ambaye hapa wananiita Bwana Pua, jina nililolikataa kwa mdomo na kulifurahia kimoyomoyo. Meneja ndiye alikuwa akimimina. Nilimwambia mapema, kabla ya soksi kuvuliwa au kuvalishwa, kwamba chupa mojawapo inatoka nyumbani kwetu, na kama anataka nikae pembeni nitakaa. Alicheka. Akasema kama ninaweza kumtambua ndugu yangu ndani ya soksi, basi nastahili kupandishwa cheo.

Tukaanza. Nyingine sikumbuki. Soksi yenye bata ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi. Ya kijivu ilikuwa na adabu tu, haina zaidi. Soksi ya buluu nitaizungumzia baadaye. Kisha ikaja soksi ya mistari, myekundu na myeupe.

Dada, niliiweka glasi puani, nikajua nimefika. Pilipili ilikuwa mbele, mbichi, ya kusagwa sasa hivi. Halafu maua, halafu plamu nyeusi yenye ganda, si jamu. Mdomoni ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea, lakini nyepesi kama mcheza ngumi wa uzito mdogo, hakuna nyama ya bure. Kulikuwa na ukijani kidogo wa vikonyo, yule aliyeitengeneza alitupia vichala vizima kwenye tangi bila kuvichambua, jambo ambalo mwoga hathubutu. Nikahisi hata kazabibu keupe kamepita humo, kidogo tu, ili kuinua harufu. Na haikuwa na harufu ya mbao za pipa jipya ya kuificha sura. Ilimezwa, ikabaki. Nikajaribu kuendelea na mazungumzo niliyokuwa nayo na Mpishi, nikashindwa.

Niliipa alama ya juu kabisa, na sikuishia hapo. Nilisimama, nikawahutubia. Niliwaambia huyu bwana amechuma mapema, kabla sukari haijapanda kichwani, na lazima kuna mtu nyumbani kwake alimwita kichaa. Nikasema huyu bwana anajua anachofanya na hamwogopi mtu. Mpishi akanidakia kwamba mimi ninaongea kama nimemposa. Akasema haoni pilipili yoyote, ila anakubali ingekwenda vizuri na kondoo.  Mhasibu aliandika alama zake kwa penseli, akazifunika kwa mkono kama mwanafunzi.

Alama zikajumlishwa. Soksi ya mistari ikaongoza. Mama Stoo akaivua taratibu, kwa kuringa, anaipenda sana sehemu hiyo. Kwanza ikatoka shingo, kisha pembe ya lebo, na kabla sijasoma chochote niliiona ile alama ya jiwe na mstari ambayo shemeji aliichora kwa mkono na Baba akasema inafanana na chura.

Ilikuwa yako.

Pumzika kidogo hapo. Haya.

Meneja alinipiga begani, akawaambia wote kwamba ni chupa ya dada yangu. Mpishi alicheka mpaka akashika meza, akiniuliza huyo "bwana" anayejua anachofanya ana mume na watoto wangapi. Mama Stoo alipiga vigelegele vifupi vya kiofisi. Nami nilicheka nao, Dada, nikainua glasi, nikapokea pongezi kwa mikono miwili, na nilikuwa najisikia mgonjwa. Hii ndiyo sababu ya pili ya kukuandikia.

Soksi ya buluu ilikuja kabla ya yako. Nilipoinusa tu nikaona ghala letu. Niliona ule mlango wa mbao unaokwama, na mapipa makuukuu ya Baba yaliyopangwa ukutani, ule mnuko wa ngozi na moshi na unyevu, mvinyo mzito, mkali, unaokukaripia ukiumeza. Nilifunga macho. Nikasema moyoni, hii ni ya kwetu, hii ni ya Dada. Na wala haikuwa mbaya. Ilikuwa na umri wake na heshima yake. Kwa haki yake ingekuwa ya pili, au ya tatu ikikosa bahati.

Niliipa alama ya chini kuliko zote. Chini ya ile ya dawa ya kikohozi.

Nilifanya hivyo nikijua, nikiamini kabisa kwamba ni yako, na nikijua trekta imeshaagizwa. Wakati huo nilijiambia ni haki, nisije nikasemwa napendelea ndugu. Lakini haki ingekuwa kuipa ilichostahili. Mimi niliisukuma shimoni ili siku soksi zikivuliwa watu waseme, Bwana Pua si wa mchezo, hata dada yake hakumwachia. Niliiona sura yangu ikisifiwa. Mizabibu yako sikuiona.

Na lipo lililo baya kuliko hilo. Nimelitafuna siku kadhaa na bado halijalainika. Soksi ya buluu ilipovuliwa ilikuwa ya kampuni kubwa tu, wenye matangi kama matanki ya mafuta, hawatujui wala hatuwajui. Mapipa makuukuu yapo kila mahali. Nilikuwa naitafuta chupa yako, na nilichokuwa nakitafuta ni Baba. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba ungeweza kutengeneza mvinyo usiofanana na wake. Miaka yote hiyo uko kule juu kwenye mawe na mkasi, na mimi mdogo wako, ninayewasomea wageni tabia za watu ambao sijawahi kuwaona, nilidhani wewe ni mkono wa Baba uliorefuka. Ulipoletwa mbele yangu mwenyewe, nilikusifu kama mtu nisiyemjua. Ndiyo, nilikusifu vizuri. Lakini nilikuita bwana.

Sasa sikiliza lililotokea baadaye, maana hapo ndipo mambo yako yalipotaka kuharibika.

Watu walikuwa wanaanza kuinuka, Meneja ameshashika simu ili akupigie, ndipo Mhasibu akakohoa. Yule niliyemwona ni wa kujaza kiti. Aliniuliza kwa upole kabisa, Bwana Pua, naomba unisaidie jambo dogo. Akasema mvinyo wenyewe hauelewi sana, kwa hiyo ameshinda ananitazama mimi, akiona nimefurahi anaongeza alama, akiona nimekunja uso anapunguza. Na soksi ya buluu imemchanganya. Ameniona nimeinusa mara kwa mara, nimefunga macho kama anayeswali, nimetabasamu, halafu nimeandika alama ya mwisho. Alikuwa anataka tu kujifunza, je, kwenye mvinyo kutabasamu maana yake ni mbaya?

 Mpishi akatafuna njiti ya kiberiti.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Kila mhudumu wa mvinyo anao: ningesema kizibo kilikuwa kimeoza, kwamba mwanzo ulidanganya na mwisho ukajitokeza. Nani angenibishia? Wewe ungebaki mshindi, mizabibu ingebaki, mimi ningebaki na jina langu. Na niliona wazi kwamba nikisema ukweli ninaweza kukung'oa kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Nilikufikiria sana, Dada. Lakini nikafikiria pia kwamba ukishinda kwa alama za mtu aliyechezea alama, na siku moja Mhasibu akakaa akaunganisha mambo, kila mtu atasema ilipangwa, ndugu mtu alitikisa meza ili chupa ya dada ianguke upande wake. Ungebebeshwa mzigo wa upumbavu wangu. Kwa hiyo nikawaambia. Kila kitu, kama nilivyokuandikia hapa, ila kwa maneno machache.

Meneja hakunifokea. Alikaa chini tena, akasema kura imechafuka, na kwamba sitaonja tena leo. Akamwomba Mama Stoo akazivalishe chupa upya, soksi nyingine, mpangilio mwingine. Akasema kiti changu atakikalia yeye mwenyewe. Nikatolewa nje kama mtoto aliyechafua zulia.

Nilisimama kwenye korido ya wafanyakazi, kati ya mashine ya barafu na rafu ya vitambaa. Nilichukua glasi zilizooshwa, nikawa nazifuta. Zilishakauka. Nikazifuta tena. Mlango ule ni mzito, husikii maneno, unasikia tu viti na Mpishi. Nilimsikia akibisha. Nikamsikia Meneja akijibu.  Kwa mara ya kwanza tangu niijue kazi hii sikuwa na neno la kumwambia mtu kuhusu mvinyo, na hakuna aliyekuwa analihitaji.

Mama Stoo ndiye aliyetoka.  Alikuwa amebeba soksi nyekundu ya mtoto, ndogo sana, imevutika mpaka inaonyesha ndani, na chupa bado imo ndani nusu. Alama ya chura ilikuwa inachungulia.

Umeshinda, Dada. Mpishi safari hii alihamia kwingine, akaing'ang'ania ile ya kijivu, anasema haimsumbui. Lakini Meneja alikupa alama ya juu, na Mhasibu naye, ambaye hakuwa na uso wa kuutazama, alilazimika kuonja kwa ulimi wake mwenyewe. Nilimuuliza baadaye aliipendea nini. Akasema hajui majina ya vitu hivyo, ila alipoimeza alisahau alichokuwa anahesabu.

Kwa hiyo uelewe vizuri, na umweleze shemeji pia asije akanishukuru bure: kura yangu haimo. Hata ile nzuri. Hotuba yangu haimo. Mlima ni wako, vikonyo ni vyako, na waliokuchagua hawana undugu na wewe. Mimi bado nina kazi; Meneja amesema mtu anayejishtaki mwenyewe ni nadra, na pia hakuna mwingine anayejua vile vizibuo vya zamani. Ila safari ijayo ya kuonja nitakuwa namimina. Nimeshaanza kufanya mazoezi ya kumimina bila kutoa maoni. Ni kazi ngumu kuliko ulivyofikiria.

Meneja alitaka kukupigia siku hiyohiyo, nikamwomba asubiri barua ikufikie, kwa ajili ya ile spika. Baba naye sijamwambia. Habari hii ni yako, na si yangu kuitangulia. Dereva wa lori la chupa tupu amekubali kuileta barua hii mkononi mwako, na trekta haiji mpaka mavuno yaishe, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua siku na meza. Najua utachagua siku shemeji yupo. Hoteli inataka mvinyo wote wa kile kipande, mwaka huu na ujao, na Meneja ataleta maandishi mwenyewe ili Baba aone mtu mzima aliyevaa viatu vya ofisi.

Ukimwambia, huenda atasema wahasibu hawana ulimi. Mwache aseme. Huenda pia atauliza mimi nilidhani ipi ndiyo ya nyumbani. Mwambie. Usinifiche.

Limebaki jambo moja. Orodha ya vinywaji inachapishwa upya, na chini ya kila mvinyo wanaandika jina la aliyeutengeneza. Kwenye makaratasi yenu ya zamani mmejaza jina la Baba, na Meneja alikuwa analinakili hilohilo. Nilimshika mkono. Akauliza basi aandike nani, na mimi, ambaye nina jibu la kila kitu, nikamwambia sitalisema mimi, mwenyewe yupo, atalisema kwa mdomo wake. Nafasi ile wameiacha tupu, inakungoja. Akikupigia, Dada, utaje jina lako lote, polepole, na umwambie akusomee alichoandika.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Baba mpe shikamoo yangu, na mwambie nikipata likizo nakuja mavuno, na safari hii nitakwenda kule juu nawe, nichume utakaponiambia, nikanyage utakaponiambia, na niulize maswali.

Ni mimi,
Mdogo wako anayekupenda